Tairi za Karavani Yangu

Naomba tuelewane tangu mwanzo: karavani ilikuwa yangu. Haikuwa ya mume wangu wala ya ukoo wake, na haikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ingawa ungemsikia barazani ungedhani aliizaa yeye.

Watu huniambia nisimseme marehemu. Shemeji tulimpoteza mwaka tisini na nne, yeye na wengine wengi ambao siwezi kuwasimulia hapa, Mungu awarehemu. Karavani yenyewe nayo ilikwenda na mwaka huo. Lakini shemeji alikuwa mtani wangu, mtu wa kucheka na kuchekwa, na najua kabisa angekasirika akisikia namsema kwa upole kwa sababu tu amekufa. Kwa hiyo nitamsema kama alivyostahili.

Nilikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja na mkewe, huko Kicukiro, Kigali. Walikuwa na karavani, yaani kile kijumba cheupe cha bati chenye gurudumu moja kila upande, unakifunga nyuma ya gari unakivuta. Ndani mna jiko la gesi, makabati, meza ya kukunja, na ubavuni dirisha refu linalofunguka kwa juu kama kifuniko cha sanduku. Kila Jumamosi walikuwa wakiivuta kwenda ziwa Muhazi. Mimi sikuwahi kulala ndani yake hata siku moja, lakini hakuna sahani wala chupa ya mafuta iliyoingia mle bila kupita mikononi mwangu. Nilijua kila kabati linabeba nini na lina uzito gani.

Oktoba ya mwaka tisini vita vilipoanza kaskazini, wageni waliambiwa waondoke. Bibi yule alilia jikoni, akanikumbatia, akanipa ufunguo wa karavani. Akasema ni yangu, iwe badala ya mshahara na shukrani juu yake. Mlinzi wa geti alisikia, na mwenye nyumba aliyewapangisha naye alisikia. Mimi nililia pia, lakini sitadanganya, nilipofika kwetu Nyamirambo nilikuwa nimeshaamua dirisha lile litaangalia upande gani wa barabara. Chai ya maziwa, chapati, sambusa, na supu asubuhi kwa watu wanaotoka msikitini. Nilikuwa nimepika jikoni kwa watu tangu ujana wangu. Nilitaka jiko langu, na kauli ya mwisho jikoni humo iwe yangu.

Karavani ilibaki Kicukiro uani kwa wenyewe, maana hatukuwa na gari la kuivuta, na mji wakati ule ulikuwa na vizuizi vya askari kila kona. Masika ikapita, vuli ikaja. Mwenye nyumba akapata mpangaji, akanitumia salamu: Jumamosi mpangaji anaingia, na kama karavani haijatoka, ataifanya banda la kuku. Banda la kuku! Nilikwenda kumsihi, akanionyesha tairi kwa fimbo yake. Zilikuwa zimelala chini kabisa, mpira umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Akasema, "Mama, hiyo haiendi popote."

Basi ikawa tairi. Jumamosi karavani iwe na tairi au iwe ya kuku.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mwenye baraza yake pale Nyamirambo. Mwanaume mwema, sijapata kumsikia akimtukana mtu. Ila alikuwa na tabia moja iliyonichoma: akishona alijaza pini mdomoni, na jambo lolote lenye ubishi likifika barazani, pini zilikuwa mdomoni. Hata akiwa hana cha kubana alizitia. Nilipomweleza habari ya tairi, alinitazama kwa huruma, akaonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara, alikosimama mdogo wake na kipikapu chake cha kubebea ndizi na saruji.

Shemeji akaja anacheka. "Shemeji, hilo nimeshalimaliza. Wewe kaa na unga wako. Pine ni mambo ya wanaume." Kigali tairi tuliziita pine, mpaka leo.

"Nitakwenda na wewe," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kuchagua. Karavani ni yangu."

Basi wakacheka barazani pale, shemeji, na wateja wa mume wangu, na hata mzee aliyekuja kupunguza kanzu. Mke wa mtu anakwenda kuchagua tairi! Nikamtazama mume wangu. Pini.

Nilikwenda. Wauza tairi kuukuu walikuwa bondeni Gikondo, wamezipanga marundo marundo kando ya barabara, na kwa ile mvua ya Novemba kila rundo limesimama kwenye tope jekundu. Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu wanaume wa mji wetu. Kigali ni vilima, na wakati ule ukiacha lami hatua mbili tu uko kwenye tope. Kila dereva amewahi kuteleza mtaroni mbele ya watu na kuchekwa. Kwa hiyo mwanaume wa Kigali akienda kununua tairi, anatazama meno. Anaingiza kidole kwenye meno, anapima kina, anatikisa kichwa kama daktari. Meno marefu, tairi nzuri. Meno mafupi, takataka. Na kwa kipikapu kinachopanda mlima na saruji sina ubishi, gurudumu linalovuta linahitaji kushika.

Lakini karavani haivuti kitu, jamani! Karavani inavutwa. Gurudumu lake kazi yake ni kubeba tu, na linalobeba ni ubavu. Sikujifunza haya chuoni. Miaka yote ile nilimwona yule Mbelgiji kila Jumamosi akipiga magoti kando ya karavani, na hata siku moja hakutia kidole kwenye meno. Alikuwa akiminya ubavu kwa dole gumba, akizunguka, akitafuta nyufa. Halafu ananiuliza mimi, mpishi: umepakia nini leo, maji kiasi gani, umeyaweka upande gani? Yeye aliuliza. Shemeji wangu hakuniuliza hata mara moja kitakaa nini ndani. Gunia la unga, pipa la maji, mtungi wa gesi, masufuria ya supu. Alikuwa anachagua tairi za barabara, na mimi nilihitaji tairi za mzigo.

Akaziona pale. Nyeusi zinang'aa, zimepakwa mafuta, meno marefu unaweza kuficha kidole. Muuzaji akazigonga kwa kiganja. "Patron, hii iko na meno mazuri sana. Tope yote inakamata."

Sikushushwa garini na mtu, nilishuka mwenyewe. Nikainama, nikaminya ubavu. Chini ya yale mafuta kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimezunguka tairi nzima. Nikatazama kati ya meno, nikaona nyuzi. Nyuzi za ndani ya tairi, zimetokeza mle mferejini! Tairi ilikuwa imekwisha, upara mtupu, na mtu ameketi na kisu cha moto akaichonga meno upya kwenye ngozi iliyobaki.

"Shemeji, hizi zimechongwa."

"Shemeji, hizo ni pine, siyo chapati."

"Tazama nyuzi hizi."

"Zote zina nyuzi. Ndizo zinazoshika."

Muuzaji akacheka, "Mama anaogopa matope." Na watu wa marundo mengine wakacheka. Shemeji, mtu ambaye nyumbani alikula kwangu siku zote, alinishika bega kwa upole, kama unavyomshika mgonjwa, akanirudisha garini. Akalipa kwa fedha nilizompa mimi. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniuma. Ningejua kutukana Kifaransa siku ile ningetukana Kifaransa.

Jioni nikamwambia mume wangu yote, nyufa na nyuzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa pini moja tu, akasema kupitia zilizobaki, "Ameshanunua, bibiye. Tutafanyaje?"

Jumamosi tukaenda Kicukiro wote watatu. Tairi zikafungwa, zikajazwa upepo, na kusema kweli karavani ilipendeza kama bibi harusi. Mwenye nyumba akatoka kutazama, akasifu meno. Akamsifu shemeji. Nilipakia vyombo vyangu, vile alivyoniachia bibi yule, nikavigawa pande zote mbili, vizito chini. Tukatoka getini, na mimi kwa hasira zangu zote nilifurahi, kwa sababu ilikuwa inakuja nyuma yetu, nyeupe, yangu.

Tulikuwa tunateremka kuelekea Gikondo niliposikia kama mtu anapiga makofi nyuma. Pa, pa, pa. Nikageuka. Meno yalikuwa yanabanduka kwenye tairi, ukanda mrefu unazunguka na kuipiga karavani ubavuni. "Simama!" nikapiga kelele. Shemeji akasema ni kokoto. Halafu ikalia kishindo, karavani ikainama upande, na nikasikia sahani zangu zinamwagika ndani.

Kizuizi kilikuwa pale chini. Askari walikuja mbio na bunduki wakidhani ni bomu. Walipoona ni tairi wakatukana. Mkubwa wao akasema kitu hiki kitoke barabarani kabla ya jioni, la sivyo watakisukumia kwenye kinamasi. Hakuwa anatania. Ungeona macho yake, ungeelewa kwamba kwake lilikuwa jambo dogo tu.

Shemeji akazunguka karavani, mikono kiunoni. Akatazama tairi iliyopasuka, akatazama ndani kupitia dirishani, akanigeukia mimi. Unajua alisema nini?

"Umepakia sufuria nyingi."

Mimi! Nimepakia sufuria nyingi! Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni neno hilo hunijia, nami hulijibu kwa sauti, na wajukuu hudhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa. Siku ile sikujibu. Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa hana pini, hana cherehani, hana chochote cha kujificha nyuma yake. Akatazama lami.

Basi nikaokota ule ukanda wa meno uliobanduka, mrefu kuliko kanga, nikautupia begani, nikateremka kwa miguu hadi kwa muuza tairi.

Aliniona kwa mbali na akanifahamu. Kabla sijafungua mdomo akainua mkono. "Mama, enda kwanza, ukuje na bwana. Tutasikilizana na bwana."

"Nataka kubadilisha tairi."

"Ukuje na mwanaume, nimekwambia. Sisi na mwanamke hatuongeaki mambo ya pine."

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilipanda juu ya rundo lake la mbele, lile analoliweka watu walione, nikaketi. Nikautandaza ule ukanda magotini, nyuzi juu. Kila mteja aliyesimama nikamwamkia vizuri, nikamwambia: "Karibu. Hizi ndizo tairi za hapa. Hii imenunuliwa juzi, imepasuka leo, tena kwenye lami kavu." Sikuongeza neno, sikumtukana. Alinibembeleza nishuke, akanitisha, akaita wenzake, nao wakasimama mbali wakicheka, safari hii wakimcheka yeye. Wateja walikuwa wakitazama ukanda, wanatazama rundo, wanapita kwa jirani.

Mwishowe akapiga kelele, "Yewe, mama! Chukua unayotaka utoke hapa!"

"Mbili," nikasema. "Hata ile nyingine mmeichonga."

Sikuharakisha. Alikuwa ananihimiza, nami sikuharakisha, kwa makusudi kabisa. Nilipita rundo kwa rundo nikiminya ubavu. Niliingiza mkono ndani kutafuta viraka. Iliyong'aa kwa mafuta niliiruka bila kuigusa. Nyuma kabisa, chini ya bati, nikakuta mbili zilizotoka kwenye kigari cha kubebea mikate. Mbaya hizo! Za kijivu, vumbi tupu, meno yamebaki mafupi lakini ni yake ya kuzaliwa nayo. Ubavu mgumu, dole gumba halizami, hakuna ufa. Na zilikuwa pacha, zimechakaa sawasawa, kwa hiyo karavani haitainama upande wowote. Muuzaji akashangaa. Alikuwa ameziweka awauzie wanaokata viatu vya mpira.

"Hizo zitateleza," akasema.

"Zinavutwa," nikamjibu. "Ateleze anayevuta."

Nikampata mtu wa toroli, tukazipandisha. Shemeji alipoziona aliziba uso kwa mikono. Alisema nimemdhalilisha, watu wa Nyamirambo watasema nini wakiona upara huo. Nikamweleza nilivyozikuta chini ya bati nikaziminya kwa dole gumba, na kwamba karavani haibebwi na meno, inabebwa na ubavu. Lakini mkubwa wa askari alikuwa anatazama saa, kwa hiyo shemeji akazifunga. Tukavuka bonde, tukapanda kilima cha upande wa pili, mvua ikatukuta katikati, njia ikageuka uji. Kipikapu kilichezacheza kidogo, na karavani ikafuata kimya. Haikuyumba. Tukaingia Nyamirambo kabla ya magharibi.

Na hapa ndipo hasira yenyewe inapoanza. Yale mengine nilikuwa nimeshayameza.

Mtaa mzima ulitoka. Watoto wakaisukuma mpaka mahali pake pembeni ya baraza. Wakaja wazee, wakamshika shemeji mkono. Hongera! Kuvuta kitu kile kutoka Kicukiro, kwenye mvua ile! Mmoja akapiga teke tairi na kusema, hizi zinaonekana kuukuu. Na shemeji yangu, aliyezizibia macho saa chache kabla, akajiweka sawa na kusema, "Mzee, usidanganywe na meno. Karavani inabebwa na ubavu."

Maneno yangu! Maneno yangu mdomoni mwake, tena kwa sauti ya mwalimu! Wakamsifu zaidi. Wakasema huyu kweli anajua tairi, na madereva wawili wakamwomba awasindikize kununua zao. Na mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, na kwenye midomo yake nikaona zinameta.

Niliosha vyombo vilivyopona, nikafuta unga uliomwagika, nikapanga makabati. Juma zima mume wangu alipata chakula chake cha moto kwa wakati, na hakupata neno. Alijua kwa nini. Usiniambie hakujua.

Asubuhi ya kufungua, niliamka alfajiri. Supu ilikuwa tayari, chai imeiva, chapati zimefunikwa. Harufu ilikuwa imeshafika msikitini. Wanaume walipotoka kuswali wakaja moja kwa moja, wakajipanga mbele ya dirisha langu, na mbele kabisa nani? Shemeji, amewaleta wale madereva wake, anawasimulia upya jinsi alivyoziona zile tairi chini ya bati, akaminya kwa dole gumba.

Nikachungulia. Nikasema, "Karibuni sana. Mnataka chai?"

"Chai, shemeji, na chapati, tena ya mwenye tairi iwe kubwa!"

"Samahani," nikasema. "Chai ni mambo ya moto na majani, mimi mwanamke nitakosea. Endeni kwanza, mkuje na mwanaume. Nitasikilizana na mwanaume."

Nikashusha dirisha, nikalifunga kwa ndani.

Nje wakacheka. Walidhani ni utani wa shemeji na shemeji. Wakagonga. Sikufungua. Wakagonga tena, na kicheko kikapungua. Mtu mmoja akauliza, "Kwani ana nini?" Nilikaa kwenye kiti changu nimekunja mikono, supu inachemka. Nikasema moyoni, wallahi, chakula hiki kitaharibika chote, nitakimwaga mtaroni, lakini dirisha hili halifunguki. Machozi yalinitoka, na sikuwa na huzuni hata kidogo.

Kisha nikasikia cherehani imenyamaza.

Nikachungulia kwenye upenyo. Mume wangu alikuwa amesimama barazani. Akaweka kiganja chini ya kidevu, akatema pini moja baada ya nyingine mpaka mdomo ukawa mtupu. Akaziweka mezani. Akaja mpaka mbele ya wale wanaume, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajaizoea.

"Tairi hizi alizichagua mke wangu," akasema. "Za mdogo wangu zilipasuka Gikondo. Mke wangu ndiye aliyekwenda kwa miguu akarudi na hizi. Mimi nilikuwepo, na nilinyamaza."

Hakuna aliyecheka. Shemeji akatazama tairi, akatazama viatu vyake, akasema polepole, "Ni kweli. Ni yeye."

Basi nikafungua dirisha.